Rozari ya Shosho na Ugomvi wa Neno Moja

Siku ya kumtoa shosho mochari tulizozana juu ya shanga. Akina mama wa jumuiya walikuwa wameshamfunga rozari mikononi, ile ya mbao aliyosali nayo tangu sijazaliwa. Anko wangu, ambaye aliokoka kitambo, akaitoa. Akasema mama yake hatazikwa na vitu vya sanamu. "Nyinyi mnaabudu Maria," akawaambia. Mama mmoja akajibu polepole, "Hatumwabudu, tunamheshimu." Anko akacheka. "Ni kitu kimoja, mmebadilisha jina tu."

Mimi nilinyamaza. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kwetu mtu kama mimi haulizwi maoni kwa mambo mazito. Lakini swali lilinikaa kichwani: kuna tofauti ya kweli, ama Wakatoliki wanajitetea tu? Nikaanza kusoma. Kumbe hii ligi ina zaidi ya miaka 1,200, na kuna watu walikufa juu yake.

Turudi Konstantinopoli, mji mkuu wa dola la Bizanti. Miaka ya 720 na 730, Kaisari Leo III alianza kupinga picha takatifu. Hoja yake ni ile ile ya anko: amri ya Kutoka 20 inakataza kusujudia sanamu. Mwanawe, Konstantino V, akaenda mbali zaidi. Mwaka 754 aliita maaskofu zaidi ya 300, wakapiga picha marufuku. Watawa waliokataa waliteswa, na mmoja wao, Stefano Mdogo, akauawa miaka ya 760.

Mtu aliyewajibu vizuri zaidi alikuwa mbali na mkono wa kaisari. Yohane wa Damasko alikuwa mtawa karibu na Yerusalemu, chini ya utawala wa Waislamu, kwa hivyo kaisari hangemfikia. Yohane hakusema kuabudu sanamu ni sawa. Alisema ni dhambi kabisa. Ila aliuliza: je, kila kuinama ni kuabudu? Kwa Mwanzo 23, Ibrahimu anawainamia Wahiti akitafuta shamba la kumzika mkewe. Hakuna anayesema aliwafanya miungu. Na Mungu yule yule aliyekataza sanamu ndiye aliyeagiza makerubi ya dhahabu juu ya sanduku la agano.

Kigiriki kilimsaidia hapa. Kina neno latreia, ibada inayomfaa Mungu peke yake. Halafu kuna proskynesis, kuinama kwa heshima, ambayo hata binadamu anaweza kupewa. Mwaka 787, Mtaguso wa Pili wa Nisea, ulioitwa na malkia Irene, ukaweka mpaka hapo: picha zipewe heshima, latreia ibaki kwa Mungu. Na heshima hiyo haiishii kwa mbao na rangi, inamwendea yule aliyechorwa.

Sasa hapa ndipo niliposhtuka. Maamuzi hayo yalitafsiriwa kwa Kilatini, na tafsiri ilikuwa mbovu. Maneno mawili ya Kigiriki yakamezwa na neno moja, adoratio. Askofu mmoja wa Kupro alikuwa amesema anaziheshimu picha lakini ibada anaupa Utatu pekee. Tafsiri ikamfanya aonekane anazipa picha ibada ile ile ya Utatu! Watu wa Charlemagne huko Ulaya magharibi waliposoma, walichemka. Mwaka 794 wakakutana Frankfurt na kulaani kitu ambacho Nisea haikusema.

Wasee, si hii ndiyo ilitokea pale mochari?

Angalia Kiswahili chetu. Tunasema "ibada ya Jumapili," tukimaanisha kumwabudu Mungu. Halafu Mkatoliki huyo huyo anasema "ibada kwa Bikira Maria," akimaanisha heshima na kuomba aombewe. Neno moja linabeba mizigo miwili. Anko anasikia mzigo wa kwanza, mama wa jumuiya anasema wa pili, na kila mmoja anaona mwenzake ni mwongo.

Wanateolojia walijaribu kuondoa huo mkanganyiko. Latria ni ya Mungu, dulia ni heshima ya watakatifu, hiperdulia ni ya Maria, kubwa kuliko ya watakatifu wengine lakini bado si ya Mungu. Ndiyo maana kwa Salamu Maria ombi ni "utuombee." Ukiombwa uombee mtu, umechukuliwa kama mwombaji mwenzake.

Lakini nisimwonee anko. Mpaka unaweza kuvukwa. Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa agizo la Mungu, na bado watu wakaishia kumfukizia uvumba, mpaka mfalme Hezekia akamvunja. Hata Kanisa lenyewe, kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1563, lilitetea heshima kwa watakatifu na wakati huo huo likaagiza ushirikina na biashara chafu juu ya picha viondolewe. Kama mtu anaamini medali yenyewe inamlinda ajali, hapo anko ana pointi.

Ila hilo unalijua kwa kumuuliza mtu. Huwezi kuliona kwa shanga zilizo mkononi mwake. Hakuna aliyewahi kumuuliza shosho. Alisali hiyo rozari kila jioni akitutaja kwa majina, mpaka anko mwenyewe, kwanza anko.

Alizikwa bila rozari. Iko kwangu sasa, kwenye droo. Sijui kuisali vizuri, na sijaandika hii kumfanya mtu awe Mkatoliki. Nimeandika kwa sababu siku ile nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Kabla hujamwambia mtu anaabudu nini, muulize kwanza anamaanisha nini.