Foleni Inayojieleza: Subira na Mapenzi ya Wateja katika Migahawa ya Chakula cha Haraka

Mwaka 1991 mwanauchumi Gary Becker alichapisha makala fupi kuhusu fumbo lililokuwa likimsumbua. Katika mji wa Palo Alto, California, palikuwa na mgahawa wa samaki ambao haukupokea maombi ya meza mapema, na kila siku watu walijipanga nje kungoja nafasi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mgahawa mwingine. Chakula chake hakikupishana sana na cha jirani yake, bei ilikuwa juu kidogo tu, na viti vingi vilikuwa vitupu. Kwa kanuni za soko zinazofundishwa mwaka wa kwanza chuoni, mwenye foleni angepandisha bei hadi foleni iishe, na kile ambacho wateja wanakilipa kwa kusimama kingeingia mfukoni mwake. Hakufanya hivyo. Becker alijibu kwamba hamu ya mtu huongezeka anapoona wenzake nao wana hamu hiyohiyo. Foleni yenyewe basi huvuta wateja, na anayeipunguza kwa kupandisha bei anaweza kuwapoteza hata wale walioletwa na foleni.

Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Halielezi kwa nini foleni ya mgahawa mmoja hudumu kwa vizazi na ya mwingine hugeuka ugomvi ndani ya siku chache. Ninachodai hapa ni kwamba mteja huvumilia foleni pale anapoiona sababu yake na kuikubali kuwa ya haki. Urefu wa muda huja baadaye. Foleni ambayo sababu yake imefichwa, au ambayo haina wa kuilinda zamu, haijengi mapenzi hata ikiwa fupi.

Sehemu ya dai hili si mpya. David Maister, katika andiko lake la mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya foleni, alieleza kwamba kusubiri bila maelezo huonekana kurefu kuliko kusubiri kwenye maelezo, na kwamba kusubiri kusiko na haki huonekana kurefu zaidi. Alikuwa akizungumzia hisia za muda, jambo ambalo meneja anaweza kulipunguza kwa televisheni ukutani au kioo mlangoni. Mimi naona sababu ya foleni inafanya kazi kubwa zaidi ya hiyo, kwa kuwa inabadili thamani ya chakula chenyewe. Minjung Koo na Ayelet Fishbach walionyesha mwaka 2010 kwamba mtu hukithamini zaidi kitu anachokisubiri kadiri waliopanga nyuma yake wanavyoongezeka. Aliye kwenye foleni haangalii mbele tu. Hugeuka nyuma na kusoma jambo fulani katika umati ule. Swali ni: anasoma nini?

Kusini mwa California, mwaka 1948, kulianza njia mbili ambazo bado zinatusaidia kulijibu. Huko San Bernardino, ndugu Richard na Maurice McDonald walifunga mgahawa wao uliokuwa ukipata faida, wakaupanga upya, na kuufungua ukiwa na vyakula vichache, bila wahudumu wa kufuata magari, na baga ya senti 15. Mwaka huohuo, katika mji wa Baldwin Park, Harry na Esther Snyder walifungua kibanda kidogo walichokiita In-N-Out, ambapo dereva aliagiza kwa kipaza sauti bila kushuka garini. Wote walikuwa wakipigana na foleni. Kuanzia mwaka 1955, chini ya Ray Kroc, McDonald's iliingia katika kasi ya kukodisha jina lake kwa wawekezaji, na leo ina matawi zaidi ya 40,000. In-N-Out haikumkodishia mtu jina lake. Baada ya zaidi ya miaka 70 ilikuwa na matawi yapatayo 400 tu, yote chini ya kampuni moja ya familia.

Uchache huo una chanzo kinachoelezeka hata kwa mtoto. Nyama haigandishwi. Hukatwa na kusagwa katika viwanda vya kampuni yenyewe, kisha hupelekwa matawini ikiwa mbichi, kwa hiyo tawi haliwezi kufunguliwa mahali ambapo lori la kampuni halifiki kwa wakati. Ilipotaka kuingia Texas mwaka 2011 ilianza kwa kuweka kituo cha kutengenezea nyama upande wa Dallas. Colorado nayo ilisubiri mpaka kituo cha Colorado Springs kikamilike. Anayesimama dirishani huona mengine yaliyobaki: kijana anachukua kiazi kizima, anakiweka kwenye kikatio, anavuta mpini, na vipande vinadondoka chini kuelekea kwenye mafuta. Hakuna mfuko wa chipsi zilizogandishwa unaochanwa nyuma ya pazia. Mteja anaona kwamba kiazi kinachomhusu kimekatwa dakika hizi, na kwamba mkono uliokikata ni mmoja. Kusubiri kwake kumepata maana bila tangazo lolote.

Tarehe 20 Novemba 2020, In-N-Out ilipofungua tawi lake la Aurora, Colorado, magari yalizunguka maeneo ya maduka, na polisi wa mji huo wakatangaza kwamba kusubiri kumepita saa 12. Ulikuwa mwaka wa ugonjwa wa UVIKO-19, watu wamechoka kukaa ndani, na hilo lilichangia. Hata hivyo saa 12 kwa ajili ya baga ni jambo linalotaka maelezo zaidi ya uchovu wa karantini. Wengi waliokuwa kwenye magari yale walikuwa wakiijua baga hiyo tangu walipoishi au kutembelea California. Walijua vyakula visivyoandikwa kwenye ubao, kama ile baga ya vitunguu vilivyokaangwa na mchuzi inayoitwa Animal Style. Walijua pia kwa nini ilichelewa kuwafikia. Kucheleweshwa na kitu unachokielewa hukufanya uone kwamba hakijakudharau.

Hapa utaratibu wa kazi una nafasi yake. Kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961 inasema kwamba wastani wa walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuingia kwao kuzidisha kwa muda wa kusubiri. Kwa mfano, magari 60 yakifika kwa saa, na kila moja likasubiri nusu saa, utakuta magari 30 kila unapochungulia. Foleni ndefu kwa hiyo inaweza kuwa foleni inayokwenda vizuri. Mgahawa unaoijua kanuni hii hutuma vijana wenye vishikwambi kutembea kati ya magari na kuchukua oda kabla dereva hajafika dirishani. Jambo hilo huharakisha jiko, lakini mimi naliona pia kama jambo la utu: aliye gari la 25 tayari ametazamwa usoni, ameulizwa anataka vitunguu au hataki, na kuanzia hapo yeye si idadi tena.

Mfano wa Moscow una uzito wa namna yake. Tarehe 31 Januari 1990 McDonald's ilifungua mgahawa katika Uwanja wa Pushkin, baada ya mazungumzo yaliyoanzia Michezo ya Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 kwa juhudi za George Cohon wa tawi la Kanada. Siku ya kwanza walihudumiwa watu zaidi ya 30,000, katika baridi ya mwezi huo, kwa chakula ambacho kwa mshahara wa Kisovieti hakikuwa rahisi hata kidogo. Waandishi wengi wa Magharibi waliandika kana kwamba Warusi walipanga foleni kwa sababu ya kiu ya ubepari. Naona maelezo hayo ni ya kuwadharau watu wale. Raia wa Moscow walikuwa mabingwa wa foleni. Walipanga kwa ajili ya soseji, viatu na sabuni, mara nyingi bila kujua kama kitu kitabaki watakapofika mbele, na huku wakijua kwamba wenye vyeo wana mlango wao wa nyuma. Foleni ya Pushkin ilikuwa na uhakika wa namna mbili: chakula kipo, na hakuna mlango wa nyuma. Ili chakula kiwepo, kampuni ilijenga kiwanda kikubwa pembezoni mwa jiji na kuwapa wakulima mbegu za viazi vya aina iliyotakiwa. Uhakika huo uliwapa wananchi kitu ambacho foleni zao nyingine zilikuwa zimewanyima.

Zamu, basi, ni nusu ya habari. Leon Mann, aliyechunguza foleni za tiketi za mpira huko Melbourne na kuchapisha matokeo mwaka 1969, alionyesha kwamba foleni ni jamii ndogo yenye sheria zake: nani anaweza kutoka kwa muda, nani anamshikia mwenzake nafasi, na anayepenya anafanywa nini. Sheria hizo si lazima zichukue umbo la mstari. Kwenye banda la chipsi mayai la Dar es Salaam usiku, wateja hulizunguka karai upande wowote, na zamu hukaa kichwani mwa mkaangaji. Yeye ndiye anayekumbuka kwamba wewe ulitaka zege, yaani hiyo chipsi mayai, yenye kachumbari bila pilipili na kwamba ulimtangulia kijana wa bodaboda. Akimpa aliyechelewa kabla yako, watu watasema, na kesho utahamia banda la pili. James Watson na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1997 kuhusu McDonald's katika Asia ya Mashariki, wanaeleza jinsi wateja wa mwanzo huko Hong Kong walivyokuwa wakilisonga kaunta kwa pamoja wakipunga noti, hadi kampuni ilipoweka watu wa kuwaelekeza kujipanga. Umbo lilibadilika, dai la mteja lilikuwa lilelile, kwamba asiyetangulia asitangulizwe.

Foleni isiyo na mlinzi wa zamu hugeuka hatari. Tarehe 12 Agosti 2019 Popeyes ilianza kuuza sandwichi ya kuku kote Marekani, na mabishano ya mtandaoni kati yake na mpinzani wake Chick-fil-A yakaipandisha hamu kwa kasi ambayo hakuna aliyeitabiri. Akiba iliyokusudiwa kufika mwisho wa Septemba ilikwisha ndani ya wiki mbili hivi. Sandwichi ikarudi tarehe 3 Novemba, siku ya Jumapili, ambayo Chick-fil-A hufunga milango kwa kawaida yake ya tangu mwaka 1946. Siku iliyofuata, huko Oxon Hill, Maryland, mtu alichomwa kisu na kufa baada ya ugomvi ulioanzia kwenye foleni ya sandwichi hiyo, juu ya kupita zamu. Mwenye dhambi ni aliyeshika kisu, na sitaki kuigeuza maiti ya mtu kuwa mfano mwepesi. Ninachosema ni kuhusu hali iliyoenea miezi ile. Hamu ilikuwa imepashwa moto kuliko jiko, aliyekuwa nyuma hakujua kama atakikuta anachokisubiri, na kazi ya kuwatuliza watu ilikuwa imewaangukia wafanyakazi wachache wa kaunta. Habari za mapenzi ya wateja huandikwa mara nyingi bila kuwataja hawa, ilhali wao ndio wanaopokea kila kelele.

Wapo watakaosema kwamba tatizo zima limekwisha, kwani sasa mtu anaagiza kwa simu na kupita kuchukua. Mimi nina shaka kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2017 Starbucks ilikiri kwamba oda za simu zilikuwa zimesababisha msongamano mahali pa kuchukulia vinywaji, na baadhi ya wateja wa kawaida waliingia, wakauona umati, wakaondoka bila kununua. Programu haikuifuta foleni, iliificha. Mtu wa kwanza mlangoni alijikuta wa 20 bila kumwona hata mmoja wa waliomtangulia, na mhudumu akabaki na mlolongo wa stika zenye majina ya watu wasio na nyuso. Barry Schwartz alishaandika miaka ya 1970 kwamba kusubiri hugawanywa kwa kufuata nguvu, na mwenye nguvu hasubiri. Foleni ya wazi ilikuwa mojawapo ya sehemu chache ambapo mwanasheria na mfagiaji walishika zamu moja, na kila mmoja aliliona hilo.

Nairobi iliupata mtihani huu Januari 2022. KFC, iliyofungua mgahawa wake wa kwanza Kenya mwaka 2011 na kupokewa kwa shangwe, ilitangaza kwamba chipsi zimekwisha kwa sababu meli zimechelewa kutokana na janga la korona, na ikawaomba wateja wachukue kitu kingine badala yake. Kwa mantiki ya Becker, uhaba ungeongeza hamu. Badala yake zilizuka hasira na wito wa kuususia mgahawa. Wakenya waliuliza viazi vya Nyandarua vina kosa gani hata chipsi zao zisafiri baharini, na wakajibiwa kwamba wasambazaji wote lazima wawe wamekidhi viwango vya kampuni vya dunia nzima. Jibu hilo lilikuwa sahihi kama taarifa ya usalama wa chakula, na lilikuwa baya kama sababu ya kusubiri, kwa kuwa halikumwonyesha mteja chochote anachoweza kukipima: aina ipi ya kiazi inakataliwa, ukaguzi unafanywa na nani, mkulima wa Ol Kalou huko Nyandarua afanye nini ili akubaliwe na itamchukua muda gani. Mteja anayekula chipsi zilizokatwa kutoka kwenye kiazi alichokiona kikichambuliwa gengeni asubuhi hawezi kuridhishwa na neno viwango. Kampuni iliahidi kutafuta wasambazaji wa ndani. Ahadi hiyo ingepaswa kutolewa mwaka 2011, ikiwa na majina ya mbegu na ratiba ya ukaguzi, na ikabandikwa ukutani pale kaunta ambapo watu husimama.