Kidinga Pepo: Jina na Nyayo za Maradhi Mjini Unguja

Mwaka 1870 mji wa Unguja ulikuwa bado una majonzi ya kipindupindu pale ilipozuka homa nyingine. Homa hii haikujaza makaburi, bali ilijaza vitanda. Mtu alishikwa ghafla na maumivu ya viungo, akapata homa na vipele. Na hata homa ilipokwisha, viungo viliendelea kumsumbua kwa muda mrefu.

Tabibu James Christie, aliyemtibu Sultani, alitaka kujua maradhi hayo yametoka wapi. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba huenezwa na mbu, wala hapakuwa na maabara ya kupimia damu. Ushahidi uliokuwapo ulikuwa vinywani mwa watu. Wazee wa mji waliyatambua maradhi mara moja: yalikwisha kuwapata mnamo 1823, nayo yaliitwa kidinga pepo. Hivyo jina moja liliunganisha matukio mawili yaliyoachana kwa takriban miaka 47.

Kutoka Unguja maradhi yalifuata njia za vyombo: Aden mwaka 1871, kisha Bara Hindi. Aidha, Christie alitazama nyuma, upande wa magharibi. Mwaka 1827 homa ya namna hiyo ilizuka katika visiwa vya Karibi. Huko wasemaji wa Kiingereza waliiita dandy, na Cuba ikaitwa dengue. Katika makala yake ya 1881 alishikilia kwamba asili ya majina hayo ni Kiswahili.

Hoja hiyo inapendeza, lakini haina budi kupimwa. Christie alieleza kwamba dinga ni mshtuko wa ghafla unaokaza viungo. Maana hiyo si ya kawaida katika Kiswahili. Tena, dengue lilikuwa neno la Kihispania kabla ya 1827, likiwa na maana ya madaha. Mgonjwa aliyekakamaa shingo na magoti hutembea kama mwenye madaha. Yamkini, basi, jina geni lilisikika likavikwa vazi la neno lililokuwapo.

Lipo jambo zito zaidi. Mwaka 1952 homa ya viungo ilienea Newala, na lugha ya Kimakonde ikaipa jina chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Mwaka 1971 Donald Carey alionyesha kwamba maumivu ya kudumu yaliyosimuliwa Unguja yanalingana zaidi na chikungunya kuliko dengue. Ikiwa ndivyo, jina lilihamia kwa maradhi mengine, ambayo huenezwa na mbu yule yule azaliaye katika mitungi na mapipa ya nyumbani.

Haifuati kwamba wazee wa Unguja walikosea. Walitaja kile ambacho mwili ulihisi, na katika hilo walikuwa mashahidi waaminifu. Aliyekosea ni yule aliyechukua jina la maumivu akalifanya jina la kijidudu. Dengue ilipothibitishwa Malindi mwaka 1982, ni maabara iliyoitenga na homa nyingine. Hata hivyo maabara haina kumbukumbu ya mwaka 1823. Anayefuatia maradhi mjini hana budi kuandika yote mawili: jibu la damu, na neno alilolitamka mgonjwa.