Mfahamu Vernon Ingram, aliyegundua kosa dogo linaloleta selimundu

Selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, inatesa familia nyingi Afrika Mashariki. Je, unajua chanzo chake ni kosa dogo sana ndani ya protini ya damu? Aliyelipata ni mwanakemia Vernon Ingram.

Ni nani huyu?
Alizaliwa Ujerumani mwaka 1924. Familia yake ilikimbia utawala wa Hitler ikahamia Uingereza. Miaka ya 1950 alikuwa mtafiti huko Cambridge, pamoja na Max Perutz, bingwa wa hemoglobini.

Hemoglobini ni nini?
Ni protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Ina minyororo minne, na kila mnyororo umeshika hemu moja. Hemu ndiyo yenye madini ya chuma, na hapo ndipo oksijeni inapokaa.

Alifanyaje?
Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa hemoglobini ya wagonjwa ni tofauti. Tofauti iko wapi hasa? Bado haikujulikana.

Ingram alitumia kimeng'enya cha tripsini kuikata hemoglobini iwe vipande vidogo, yaani peptaidi. Akavitandaza kwenye karatasi, akavitenganisha kwa umeme na kemikali. Alipolinganisha karatasi ya mgonjwa na ya asiyeumwa, kipande kimoja tu kilikaa mahali tofauti.

Mwaka 1957 akatoa jibu: asidi amino moja, ya glutamiki, imebadilishwa na valini. Hiyo ni ya 6 kwenye mnyororo wa beta, wenye asidi amino 146. Moja tu!

Kwa nini inaumiza hivyo?
Hemu ya mgonjwa haina kasoro. Shida ni valini: hemoglobini ikishaachia oksijeni, inanatana na nyingine. Chembe nyekundu inajikunja kama mundu, inaziba mishipa midogo, na maumivu yanaanza. Ndiyo maana vidonge vya kuongeza chuma haviponyi selimundu.

Ingram alifariki mwaka 2006, lakini kazi yake inatugusa mpaka leo. Mtu anaweza kubeba kosa hili bila kuumwa. Baba na mama wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kinaonyesha.

Je, wewe na mwenzako mmeshapima?