Makaburi Mawili ya Mlambalasi

Leo twendeni Mlambalasi, katika nchi ya Wahehe, yapata kilomita 50 kutoka mjini Iringa kwa njia iendayo mbuga ya Ruaha. Hapo pana kilima chenye majabali makubwa, na mahali hapo wamelazwa wafu wa zama mbili zilizo mbali sana.

Wa kwanza mwamjua. Ni Mtwa Mkwawa, ambaye askari wake waliwashinda Wadachi pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Boma lake la Kalenga lilipotekwa mwaka 1894, hakusalimu amri, bali alikaa porini akipigana, hata tarehe 19 Julai 1898, alipoona adui wamemkaribia, akajipiga risasi asikamatwe. Wadachi walikikata kichwa chake wakakichukua. Kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi. Fuvu lilirudishwa kwa Wahehe mwaka 1954, nalo limewekwa Kalenga.

Wa pili hana jina. Karibu na kaburi la Mtwa liko pango, ambalo majabali yenyewe ndiyo kuta zake na dari yake. Katika mwaka 2006, na tena mwaka 2010, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, pamoja na wenzao wa Tanzania, walichimba humo polepole, tabaka baada ya tabaka. Juu walikuta vigae vya vyungu na mabaki ya chuma. Chini zaidi hapakuwa na chuma, ila vipande vya mawe vilivyochongwa viwe zana, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Huko chini ndiko ilikokuwa mifupa ya mtu mzima, mfupi wa kimo, aliyezikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Yajulikanaje, na hapakuwa na mwandishi? Mkaa na maganda yana kaboni ambayo hupungua kwa kipimo kijulikanacho. Basi kwa kupima iliyosalia hupatikana umri wa tabaka.

Katika nchi nyingine watu walijijengea makaburi ya mawe. Dartmoor, nyanda za juu za Uingereza zenye baridi na ukungu, wakale walimlaza maiti katika sanduku la mawe, wakarundika mawe juu yake. Hyrax Hill, karibu na Nakuru, Mary Leakey alichimbua mwaka 1937 makaburi ya kale yaliyofunikwa kwa mawe. Mlambalasi haikuhitajiwa kazi hiyo: mlima wenyewe ulikuwa nyumba.

Lakini jabali halimzuii mwenye jembe. Wako watu wafukuao mahali pa kale usiku, wakitafuta mali wanayodhani ilifichwa na Wadachi. Mali hawaipati, na wakiisha kuchanganya udongo wa juu na wa chini, hakuna mtaalamu awezaye kuutenga tena. Ushanga ulioondolewa mahali pake ni ushanga tu. Ulioachwa mahali pake ni ushahidi.

Basi wewe mchungaji, nawe mwanafunzi, ukiona mifupa au vigae pangoni, usiviguse. Mwambie mwalimu wako au mwenyekiti wa kijiji, apeleke habari Idara ya Mambo ya Kale. Ndivyo sheria ya mwaka 1964 itakavyo. Mkwawa anao wajukuu wa kumsemea. Yule wa pangoni hana msemaji ila udongo uliomfunika.