Springi, kitako na kidole: miaka 90 ya kuizunguka sheria ya rashasha Marekani

Mei 16, 2025, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba imemalizana na kampuni ya Rare Breed Triggers, na kwamba itawarudishia wenyewe vifyatulio vya bunduki ilivyokuwa imevikamata au vilivyosalimishwa. Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Kikifungwa kwenye bunduki ya aina ya AR-15, risasi hutoka kwa kasi inayokaribia ya silaha za jeshi. Mwaka 2021 serikali hiyohiyo ilikuwa imeiamuru kampuni iache kukiuza mara moja, kwa hoja kwamba mbele ya sheria kila kimoja ni bunduki ya rashasha. Kukutwa na rashasha isiyosajiliwa nchini humo ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 10.

Waliokasirika walisema ni siasa za Rais Donald Trump na wapenda silaha. Siasa zimo, lakini ugomvi huu ni wa zamani kuliko Trump. Umezaliwa na sentensi moja ya sheria ya mwaka 1934, ambayo watengenezaji wa vifaa wameisoma kwa makini kuliko wabunge wenye uwezo wa kuibadilisha.

Sheria ile ilitungwa baada ya enzi ya magenge ya pombe haramu, wakati bunduki za Thompson zilipotawala mitaa ya Chicago. Mauaji ya watu 7 ya Siku ya Wapendanao ya mwaka 1929 ndiyo yanayokumbukwa zaidi. Bunge halikupiga marufuku rashasha. Liliamuru zisajiliwe na kila uhamisho ulipiwe kodi ya dola 200, fedha nyingi sana kwa wakati huo. Rashasha ikaelezwa kuwa ni silaha inayotoa zaidi ya risasi moja, yenyewe, bila kujazwa tena kwa mkono, kwa tendo moja la kifyatulio. Mwaka 1968 sheria ikapanuliwa ili vipuri vya kugeuza bunduki kuwa rashasha navyo vihesabiwe rashasha. Mwaka 1986 mlango ukafungwa: raia wa kawaida hawezi kumiliki rashasha isipokuwa iwe ilimilikiwa kihalali kabla ya Mei 19 mwaka huo.

Hapo ndipo soko lilipozaliwa. Rashasha zilizobaki kwenye daftari haziongezeki, na bei yake imepanda hadi makumi ya maelfu ya dola. Mwenye hamu ya kusikia bunduki ikirindima, na asiye na fedha hizo, akabaki kumsubiri fundi atakayempa mrindimo uleule kwa njia ambayo sheria haikuitaja.

Fundi wa kwanza kutikisa serikali aliitwa William Akins, wa Florida. Kisa chake kimo katika hukumu ya mwaka 2009 ya mahakama ya rufani iliyoko Atlanta, na kinastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu yote yaliyofuata yalikwisha kuonekana humo.

Akins alibuni kitako ambacho bunduki haikukazwa ndani yake, bali iliteleza mbele na nyuma. Risasi ikitoka, teke la bunduki huirudisha nyuma na kifyatulio kinaachana na kidole. Ndani ya kitako mna springi inayoisukuma bunduki mbele tena, kifyatulio kinagonga kidole kilichotulia palepale, na risasi nyingine inatoka. Mpigaji hana kazi ila kutokiondoa kidole chake. Akins alisema kila risasi ina mvuto wake wa kifyatulio, basi sheria haijaguswa.

Akafanya ambalo raia mwema hufanya: akaiuliza serikali kwanza. Alipeleka sampuli kwa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi. Wakaguzi walipoijaribu, haikufanya kazi ilivyokusudiwa. Hata hivyo waliona wamekwisha kuuelewa utaratibu wake, na mwaka 2003 wakamwandikia kwamba si rashasha. Mwaka uliofuata wakamthibitishia tena. Akins akaingia kiwandani na barua yake mkononi.

Mwaka 2006 idara ikakijaribu tena kifaa, safari hii kikafanya kazi, na maoni yakageuka: hiyo ni rashasha. Tafsiri mpya ilisema mvuto mmoja wa kidole ndio unaoanzisha mfululizo wote, na springi ndiyo inayouendeleza. Kitako kilichoruhusiwa kwa maandishi kikawa haramu bila Bunge kubadilisha hata nukta. Waliokinunua waliambiwa waing'oe ile springi na kuisalimisha. Akins alikwenda mahakamani akashindwa, kwa kuwa idara ya serikali inaweza kusahihisha kosa lake yenyewe. Hasara ilibaki kwake.

Somo ambalo mafundi wengine walilipata ni jepesi: kumbe ubaya uko kwenye springi! Jeremiah Cottle, aliyewahi kutumikia jeshi la anga, akaanzisha kampuni ya Slide Fire katika mji mdogo wa Moran, Texas, na kutengeneza kitako kinachoteleza kisicho na springi. Wamarekani wanakiita bampu stoki. Kazi ya kuisukuma bunduki mbele ilihamishiwa mkono wa pili wa mpigaji. Katika maombi yake kampuni ilieleza kwamba kifaa kimekusudiwa kuwasaidia watu wenye mikono isiyokunjuka vizuri. Juni 2010, serikali ya Barack Obama ikiwa madarakani, ATF ilijibu kwamba kwa kuwa hakina springi wala sehemu inayojiendesha, si silaha ya kusimamiwa. Miaka michache baadaye Marekani ilikadiriwa kuwa na bampu stoki zipatazo nusu milioni.

Usiku wa Oktoba 1, 2017, mtu mmoja alikaa ghorofa ya 32 ya hoteli ya Mandalay Bay, Las Vegas, akamimina risasi zaidi ya 1,000 kwa muda wa takriban dakika 10 juu ya umati uliokuwa kwenye tamasha la muziki. Watu 58 walikufa wakati ule, idadi ikafika 60 baadaye, na mamia walijeruhiwa kwa risasi. Bunduki zake kadhaa zilikuwa na bampu stoki. Hata chama cha wenye silaha, NRA, kilikiri kwamba vifaa vya namna hiyo viwekewe masharti zaidi. Seneta Dianne Feinstein alipeleka muswada na kuonya kwamba dawa ya kudumu ni sheria, kwani idara ikipiga marufuku peke yake itashtakiwa.

Bunge halikufanya kitu. Desemba 2018 serikali ya Trump, naam, Trump huyuhuyu, ikatoa kanuni kwamba bampu stoki ni rashasha. Wenye nazo walipewa siku 90 waziharibu au wazisalimishe. Michael Cargill, mwenye duka la bunduki mjini Austin, Texas, alisalimisha zake mbili, akafungua kesi.

Juni 14, 2024, Mahakama ya Juu ilimpa ushindi kwa kura 6 dhidi ya 3. Hukumu ya Jaji Clarence Thomas ina michoro ya matumbo ya bunduki, kipuri kwa kipuri, kama kitabu cha gereji. Kwake swali si mpigaji anafanya nini, bali kifyatulio kinafanya nini. Kila risasi ikitoka, kifyatulio lazima kirudi mahali pake kabla ya risasi nyingine. Kwa hiyo kila risasi ina tendo lake, na bampu stoki inapunguza tu muda wa katikati. Isitoshe, bila mkono wa pili kuisukuma bunduki mbele, mfululizo unakatika, basi silaha haijiendeshi.

Jaji Sonia Sotomayor alisoma pingamizi lake kwa sauti mahakamani. Alisema akimwona ndege anayetembea, kuogelea na kulia kama bata, yeye humwita bata. Kwa hesabu yake, AR-15 yenye bampu stoki hutoa risasi 400 hadi 800 kwa dakika, na Bunge la 1934 lilijali kasi hiyo, wala halikujali safari ya kipuri kidogo ndani ya chuma. Jaji Samuel Alito, aliyekuwa upande wa washindi, alikubali kwamba huenda wabunge wale nao wangeikataza bampu stoki kama wangeiona. Akaongeza kwamba anayeweza kurekebisha sheria ni Bunge.

Bunge lilijibu baada ya siku nne. Juni 18 muswada uliletwa Seneti upitishwe kwa ridhaa ya wote, seneta mmoja wa Nebraska akapinga, ukafia hapo.

Baada ya hapo mambo yamekwenda mbio. Kifyatulio cha Rare Breed hutumia nguvu ya bunduki yenyewe kukirudisha kifyatulio mbele, huku kidole kikiendelea kukibana. Jaji wa New York alikizuia mwaka 2023. Jaji wa Texas, akifuata kesi ya Cargill, akakihalalisha Julai 2024. Kisha yakaja makubaliano ya Mei 2025, ambayo kampuni nayo iliahidi ndani yake kutotengeneza vya bastola. Majimbo zaidi ya kumi yamekwenda mahakamani kuzuia vifaa hivyo visirudishwe.

Ndugu zetu walioko huko wasidanganywe na neno "halali" linalobandikwa kwenye matangazo. Hukumu ya Cargill haikugusa sheria za majimbo. Bampu stoki isiyo kosa Texas ni kosa California, na Florida iliipiga marufuku mwaka 2018. Vipuri vinavyoigeuza bunduki au bastola kuwa rashasha kamili vimebaki haramu nchi nzima. Na kwa mhamiaji asiye raia, kutiwa hatiani kwa kumiliki silaha kinyume cha sheria kunaweza kumfikisha mbele ya jaji wa uhamiaji na kumfukuzisha nchini, hata awe na kadi ya ukaazi.

Lawama za mwandishi huyu haziwaendei mafundi, ambao kazi yao ni kutafuta mwanya na kuuza. Wala haziwaendei sana maofisa wa ATF, walioachiwa kuamua kwa barua jambo la uhai na kifo, barua ambazo kila serikali mpya inaweza kuzifuta. Zinawaendea wabunge waliokuwa na kifaa cha Akins mwaka 2006, maiti 58 mwaka 2017 na ushauri wa Jaji Alito mwaka 2024, wakaona afadhali ugomvi ubaki kwa mahakimu kuliko kupiga kura itakayowakosesha viti. Maadamu sentensi ya 1934 imebaki kama ilivyo, kifaa kingine kitakuja, kitapewa barua, kitanyang'anywa, kitarudishwa, na anayekinunua leo hana namna ya kujua kesho kitahesabiwa nini.