Mkataba wa Brétigny

Mkataba wa Brétigny ni makubaliano ya amani kati ya Uingereza na Ufaransa yaliyofikiwa tarehe 8 Mei 1360 katika kijiji cha Brétigny, karibu na Chartres, na kuthibitishwa mjini Calais tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo. Ulisimamisha Vita vya Miaka Mia hadi 1369.

Chanzo

Mfalme Jean II wa Ufaransa alitekwa kwenye mapigano ya Poitiers mwaka 1356, akapelekwa Uingereza. Mwaka 1359 Edward III wa Uingereza aliuzingira mji wa Reims, mahali wafalme wa Ufaransa walipotawazwa, lakini hakufua dafu. Aprili 1360 mvua kubwa ya mawe iliua askari na farasi wake karibu na Chartres. Wiki chache baadaye pande mbili ziliketi kujadiliana.

Masharti

Jean angekombolewa kwa écu milioni 3 za dhahabu. Ili kusaidia kulipa fidia hiyo, Desemba 1360 ilianza kufuliwa sarafu mpya, faranga, yenye sura ya mfalme juu ya farasi, upanga mkononi. Edward alipewa Aquitaine iliyopanuliwa, zikiwemo Poitou, Limousin na Rouergue, pamoja na Calais na Ponthieu upande wa kaskazini. Angezitawala bila kumwapia utii mfalme wa Ufaransa. Naye angeacha kudai taji la Ufaransa.

Kasoro kubwa iliingia Calais. Vifungu vya kila mfalme kuacha haki zake viliondolewa na kuwekwa katika hati ya pembeni, vitekelezwe baada ya ardhi kukabidhiwa. Havikutekelezwa kamwe, na kiini cha ugomvi kikabaki palepale.

Kuvunjika

Jean aliachiliwa kabla fidia haijakamilika, na wanawe wakawa miongoni mwa waliowekwa rehani. Mmoja wao, Louis wa Anjou, alipotoroka mwaka 1363, Jean alirudi London kwa hiari, akafia huko Aprili 1364.

Mwaka 1368 mabwana wa Gascony, wakipinga kodi ya kaya iliyotozwa na mwana wa Edward, Mwanamfalme Mweusi, walikata rufaa Paris. Charles V, mrithi wa Jean, aliipokea, kwani hakuwa amepoteza kisheria mamlaka yake juu ya Aquitaine. Vita vikarejea mwaka 1369. Kufikia 1375 Waingereza walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya ardhi waliyopewa na mkataba.