Elimu ya Nyumbani (Marekani)
Ni taratibu ya mzazi kumtaalimisha mwanawe mwenyewe badala ya kumtia skuli ya serikali. Na ijapokuwa Mahakama ya Juu ilihukumu mwaka 1925 kwamba jimbo la Oregon haliwezi kuwalazimisha watoto wote kusoma skuli za umma, taratibu hii haikuwa halali katika majimbo yote 50 hadi 1993. Faida yake kubwa ni wasaa, kwani mama afundishaye hesabu za sehemu kwa kukata mkate hana kengele ya kumharakisha. Skuli ya umma, kwa upande wake, ina maabara, wenzi wa kila tabaka, na (hoja nzito kupita zote) mwalimu awezaye kuliona jeraha ambalo jamaa wangelificha. Usimamizi wa elimu ya nyumbani hutofautiana kwa jimbo: New York humtaka mzazi ripoti kila robo mwaka. Texas haimtaki hata taarifa.